Nguzo ya Upande wa Kushoto

"Kitendawili!" alisema Bibi Chun-mien, kisu mkononi, makongoro ya nguruwe yakichemka jikoni nyuma yake.

"Tega," akajibu mkwewe Pi-lien, lakini bila moyo. Alikuwa anachambua vitunguu na macho yake yalikuwa mbali.

"Nina mlinzi wangu. Kila mwaka namlipa mshahara wote, na kila mwaka naiomba miungu asifanye kazi hata siku moja."

"Mbwa."

"Mbwa gani analipwa mshahara? Nipe mji."

"Haya, nakupa Kaohsiung."

"Kaohsiung kuna joto, siutaki. Ongeza mwingine."

"Basi chukua Naha."

Bibi akaweka kisu chini. "Naha umeutaja mwenyewe, mimi sikukutuma. Mlinzi wangu ni bima. Sasa niambie, mwanangu, nyinyi wawili huko Okinawa mlimwamsha mlinzi kwa sababu gani?"

Pi-lien akachukua kitunguu kingine. Hakushangaa sana, maana mama mkwe wake alikuwa na pua ya kunusa mambo. Mwanawe Jui-tang, mumewe Pi-lien, alikuwa ameingia nyumbani kutoka uwanja wa ndege, mkoba bado begani, akamwomba mama yake ampikie makongoro na tambi nyembamba. "Nimetamani tu," alisema. Sasa katika mji wa Puzi hakuna mtu anayetamani tu makongoro na tambi nyembamba. Hupikiwa mzee siku yake ya kuzaliwa, au hupikiwa mtu aliyenusurika na jambo baya, ili mkosi umtoke. Siku ya kuzaliwa ya Bibi ilikuwa bado miezi mingi.

"Ni Pi-lien, Mama," sauti ya Jui-tang ilitoka mlangoni. "Aligusa nguzo kidogo kwenye maegesho ya hoteli. Mkwaruzo tu. Gari lenyewe la kukodi."

Pi-lien akamgeukia mumewe. Mumewe alikuwa anaangalia sufuria.

"Wewe?" Bibi akamtazama mkwewe toka kichwani hadi kwenye ndala. "Mwalimu wa watu! Umevuka bahari yote hiyo kwenda kugonga nguzo? Za hapa Puzi zilikuwa zimekukosea nini?"

"Ilitokea tu, Mama," alisema Pi-lien, akaendelea na vitunguu.

Walipoketi kula, Bibi alimwekea Pi-lien bakuli kubwa, maana bakuli hilo ni la aliyepatwa. "Kula, usikate tambi, na mchuzi usibaki." Pi-lien alikula kidogo tu. Alipolisukuma bakuli, Jui-tang alilivuta upesi, akamaliza tambi, akamaliza nyama, akainua bakuli na kunywa mchuzi hadi tone la mwisho, kama mtu aliyepewa dawa yake.

Kisha akauliza, "Pilipili iko wapi?"

Pilipili ilikuwa karibu na kiwiko chake cha kushoto. Bibi aliitazama pilipili, akamtazama mwanawe, akanyoosha mkono na kuisogeza upande wa kulia.

*

Ukweli ni kwamba Pi-lien hakuwa ameshika usukani. Kule usukani uko kulia, na yeye alikuwa ameketi kushoto, amepakata mifuko ya keki za viazi vitamu za kuwaletea majirani, wakati nguzo ya njano ilipomjia dirishani kama mtu anayetaka kuomba lifti. Alipiga kelele, "Nguzo!" Jui-tang akauliza, "Wapi?" Halafu bati likalia.

Kampuni iliyowakodisha gari iliwaonya tangu siku ya kwanza: hata ukiwa mkwaruzo wa ukucha, mwite polisi kwanza, bila karatasi ya polisi bima haikujui. Kwa hiyo walipiga simu. Wakisubiri, Jui-tang alifungua mlango, uso umemtoka rangi.

"Njoo ukae huku. Upesi."

"Nikae huko kufanya nini?"

"Jina langu likiandikwa hapa, bima ya gari letu nyumbani itapanda. Pengine watatukataa kabisa. Watoto wa tuisheni yako tutawabeba na nini? Na wewe leseni yako umeitafsiri kwa Kijapani, si umeitafsiri? Njoo basi, Pi-lien, usinitazame hivyo."

Akaenda. Mtu akiwa na hofu hufanya analoambiwa na mwenye hofu zaidi. Polisi alikuja, kijana mwenye glavu nyeupe, mpole hata akawa anamwinamia. Pi-lien naye akamwinamia, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake katika lugha isiyo yake. Mtu wa kampuni alikagua bati la kushoto, akaongea na simu yake, simu ikatafsiri: wageni wengi kutoka kwenu hukwaruza kushoto, msijali. Wote wakacheka. Wakalipa yeni elfu ishirini za siku ambazo gari lingelala gereji bila kazi, wakaondoka, na safari iliyobaki Pi-lien ndiye aliyeendesha. Jui-tang alisema mgongo unamuuma.

Hilo la mgongo Pi-lien aliliamini pia. Wakati ule alikuwa bado anaamini.

*

Kuei-fen, wakala wa bima, alikuja na pikipiki yake siku iliyofuata. Huyu mwanamke hakuna mtu mtaani aliyewahi kuoa, kuzaa au kuvunjika mguu bila yeye kupita kumsalimia na taulo la zawadi. Ndiye aliyewauzia bima ya safari, na bima hiyo ilikuwa na kipengele cha kurudisha pesa unazokatwa kwa gari la kukodi. Jui-tang alikuwa ameshatoka kwenda kuwachukua watoto shuleni, maana kwenye ghorofa ya chini ya nyumba yao Pi-lien alikuwa na tuisheni, na kila mchana mumewe aliwaleta watoto kwa kigari chao cheupe.

"Mwalimu, nimesikia umeacha alama Japani!" Kuei-fen alivua helmeti akicheka. "Usione aibu. Mwezi uliopita nimeshughulikia mmoja amegonga mashine ya soda. Nipe karatasi ya polisi. Vizuri. Sasa saini hapa kwenye dereva, pesa zako zirudi."

Pi-lien akashika kalamu. "Dada Kuei-fen, nikuulize. Hii ajali itapandisha bima ya kigari chetu kwa kiasi gani?"

"Kigari gani?"

"Hicho chetu cha nyumbani."

Kuei-fen alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua ya Okinawa italowanisha nguo zake za Puzi. "Haigusi kabisa. Lile gari lilikuwa la wenyewe, na bima yake yenyewe, kwao. Haivuki bahari. Bima ya kigari chako haijui hata kama mlipanda ndege. Na bima ya safari nayo haiongei na bima ya gari, ni kama wake wenza."

"Hata angekuwa Jui-tang ndiye aliyeendesha?"

"Angekuwa Jui-tang, angekuwa mama yako mkwe, ni yale yale. Tena ngoja, wewe mwalimu mzima!" Akagonga meza kwa kidole. "Kigari kimeandikwa jina lako, umesahau? Nyinyi wenyewe mlikuja kwangu, mkasema mwanamke wa umri wako anatozwa kidogo kuliko mwanamume. Kama ajali ingevuka bahari, basi ungetaka mume wako ndiye awe dereva, siyo wewe! Jina la kulindwa hapa ni lako."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

"Niachie fomu," alisema Pi-lien. "Nitasaini kesho. Kichwa kinaniuma."

Kuei-fen alivaa helmeti, akawasha pikipiki, halafu akaizima tena. "Mwalimu, aliyeendesha ni wewe, siyo? Maana mimi naweza kuuza taulo na kalenda, lakini siuzi uongo. Kampuni ikigundua, mkate wangu umeisha."

"Nenda, Dada. Nitakupigia."

Alibaki ameketi pale hadi aliposikia mlango wa kigari ukifunguliwa na watoto wakimwagika nje kama maharage. Mume wangu, alijiambia, ameniambia aliogopa bima. Lakini aliitoa hofu yake akaiweka juu ya jina lile lile lenye bima. Mtu anayeogopa mwizi hampelekei mwizi ufunguo. Basi anaogopa nini?

*

Kwanza alidhani ni pombe. Siku ile Okinawa walikula samaki mchana, naye alijaribu kukumbuka kama aliona glasi. Jui-tang alikuwa amekunywa chai baridi, tena ya Pi-lien mwenyewe. Kisha akadhani leseni ya mumewe imefungiwa, faini fulani ameificha. Jui-tang alipokwenda kuoga, Pi-lien alifungua pochi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, akaikuta leseni ni nzima. Aliirudisha vibaya, kinyumenyume, na Jui-tang akagundua.

"Unanipekua sasa?"

"Nilikuwa natafuta chenji."

"Chenji iko kwenye kopo. Kuei-fen alikuja kufanya nini hapa wakati sipo? Amekuambia nini?"

"Amesema nisaini."

"Basi saini!"

"Kwa nini una haraka?"

"Sina haraka. Ni pesa yetu, irudi. Au umekuwa tajiri?" Akashika taulo, akatoka, bega lake la kushoto likagonga fremu ya mlango. Akautukana mlango.

Mambo yangeishia humo ndani kama Bibi Chun-mien angeweza kuumeza ulimi wake. Lakini sokoni, mbele ya muuza samaki, muuza samaki akasema mtoto wake kapata shahada, na Bibi naye akataka kuwa na habari. "Wangu mimi mkwe, mwalimu mzima, kaenda ng'ambo kubusu nguzo!" Watu wakacheka, Bibi akacheka, akaongezewa kichwa cha samaki bure. Mjini Puzi habari inayotoka kwa muuza samaki hufika shuleni kabla samaki hajaharibika.

Mama Yi-an ndiye aliyekuja kwanza. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoumiza. Alisimama mlangoni mwa tuisheni, watoto wakifanya hesabu ndani, akashusha sauti kiasi cha kusikika na kila mtu.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Kufundisha hakuna anayekufikia. Yi-an amekuja kujua kugawanya hapa. Lakini sisi wazazi tumeongea kidogo kwenye kundi la simu. Kuendesha... si kila mtu ana kipaji. Tungeomba Mjomba Jui-tang awe anaendesha yeye tu. Siku akiumwa, nipigie, nitakuja mwenyewe. Wewe usishike gari."

Pi-lien alihisi masikio yake yakiwaka. Watoto wawili walikuwa wameacha hesabu.

"Mmeongea," alisema.

"Kidogo tu, Mwalimu."

Jui-tang alikuwa amesimama pale pale, ameshika begi la Yi-an. Pi-lien alimtazama. Alimpa muda wa kutosha. Mwanamume yule alikohoa, akalikabidhi begi, akasema, "Msijali, Mama Yi-an. Naendesha mimi."

"Asante, Mjomba. Wewe tunakuamini."

Bibi alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, amesikia yote. Kichwa cha samaki kikawa kichungu mdomoni mwake.

*

Asubuhi iliyofuata, Jui-tang akiwa kwa kinyozi, Pi-lien alitoka kwenda kukiangalia kigari. Hakujua anatafuta nini. Alikizunguka kama mnunuzi. Upande wa kulia kilikuwa kisafi. Upande wa nyuma kilikuwa kisafi. Upande wa kushoto, upande wa dereva mwenyewe, rangi nyeupe ilikuwa nyeupe kupita nyeupe ya gari.

Akainama. Akapitisha kidole. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye madigadi, mwingine chini ya mlango, mwingine juu ya tairi, na yote ilikuwa imepakwa rangi kwa brashi ndogo, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayepaka kucha za bibi harusi. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimebanwa na gundi kwa ndani.

Mgeni wa Okinawa anaweza kukwaruza kushoto, maana kule kushoto kuko mbali na dereva. Lakini hapa nyumbani dereva anakaa kushoto. Ni ubavu wake mwenyewe. Nani anakwaruza ubavu wake mwenyewe, tena na tena, kisha anapaka rangi kimya?

Na ndipo sauti ile ikamrudia masikioni. Alipopiga kelele "Nguzo!" mumewe hakuuliza iko karibu kiasi gani, wala hakusema naiona. Aliuliza, "Wapi?"

*

Jumamosi hakuna tuisheni. Jui-tang alitoa kigari uani kukiosha, ndoo upande mmoja, mpira wa maji mkononi. Pi-lien alichukua balungi kwenye kapu, yale mabalungi mazito ya mwanzo wa vuli, akatoka taratibu, akaenda kusimama ubavuni kwake kushoto, hatua moja tu, kwa namna ambayo mtu mwingine yeyote angeruka. Akalinyoosha balungi usawa wa sikio la mumewe.

Jui-tang aliendelea kusuuza. Alikuwa anaimba wimbo wa zamani puani. Alisuuza bati, akasuuza kioo, akainama, akainuka. Mkono wa Pi-lien ulianza kuchoka kwa uzito. Maji yalimrukia miguuni. Hakusogea.

Bibi alikuwa dirishani na bakuli la mchele. Aliona yote, na mchele ukasimama mkononi mwake.

Hatimaye Jui-tang aligeuka kuchota sabuni, uso wake ukakutana na balungi, akaruka hadi ndoo ikapinduka.

"Mama yangu! Umetoka wapi wewe?"

"Nimesimama hapa tangu ulipoanza kuimba."

Maji yalikuwa yanamwagika ovyo. Jui-tang aliutazama mkono wake, kisha balungi, kisha mkewe, na kwa kumtazama ilibidi ageuze kichwa chote, kama kuku.

"Funga maji," alisema Pi-lien.

Akafunga.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Jui-tang, nimeinama mbele ya polisi kwa ajili yako. Nimeambiwa mbele ya watoto nisishike gari. Usiniulize nini. Tangu lini huoni upande huu?"

Akaketi kwenye ukingo wa ua, suruali ikalowana, hakujali. "Tangu mwaka mpya. Labda kabla. Sijui, Pi-lien. Haikuzimika siku moja. Unadhani unaona, kumbe unakisia. Mbele naona vizuri, naona hata nzi. Pembeni ndipo kuna... si giza. Hakuna kitu tu."

"Na watoto wa watu ukawa unawabeba."

"Niliendesha polepole."

"Uliendesha polepole!" Sauti ya Pi-lien ilipasuka. "Yi-an huwa anateremka upande gani? Huwa anakimbilia upande gani, Jui-tang? Na mimi ningesaini ile karatasi, wazazi wangeendelea kuniogopa mimi, mimi! Wakakushukuru wewe!"

"Ningefanya nini?" Sasa naye alikuwa analia, vibaya, kama wanaume wasiozoea. "Wewe mwalimu. Mama anapika. Mimi kazi yangu humu ndani ni lile gari. Ukiniondoa kwenye gari nabaki nani? Mtu wa kulishwa? Nilidhani nikipata miezi michache tu, nitajua la kufanya."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bibi Chun-mien alikuja na ndala zake, akapita kwenye maji, akasimama mbele ya mwanawe.

"Kitendawili," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama, si sasa."

"Nimesema kitendawili."

"...Tega."

"Nina nyumba ya madirisha mawili. Kuna mwizi anakuja kila siku. Ndani haingii, hachukui kiti wala sufuria. Anakata ukingo wa dirisha tu, kidogo kidogo, hadi siku unataka kuchungulia jirani hakuna dirisha."

Jui-tang akajipangusa uso. Hakuwa na mji wa kutoa.

"Ni presha ya macho," alisema Bibi. "Baba yako alikuwa nayo. Mwaka mzima alinimwagia chai mezani, na mimi mwaka mzima nikamwita mlevi. Tulipompeleka kwa daktari alikuwa ameshapofuka. Wewe ulipouliza pilipili iko wapi, moyo ulinidunda. Nikajiambia, nyamaza mwanamke, unaota. Nikaenda sokoni kumsema mkwe wangu, maana ilikuwa rahisi kuamini kwamba yeye ndiye aliyekosa." Akamgeukia Pi-lien. Bibi huyu hakuwahi kumwomba mtu radhi, hata mumewe, na hakujua maneno yake. Akalichukua balungi mkononi mwa mkwewe. "Mkono umekufa ganzi. Lete nikumenyee."

*

Daktari alisema jicho la kushoto limeshaliwa pembeni na la kulia limeanza kuguswa. Dawa ya matone itamzuia mwizi, lakini alichokwisha kuiba hakirudi. Na usukani, hapana.

Jumatatu jioni, wazazi wakiwa wanachukua watoto, Kuei-fen alifika na pikipiki yake kufuata fomu. Ilikuwa mezani, mstari wa dereva mtupu.

"Mwalimu, leo umalize. Dereva nani, tuandike tuachane."

Pi-lien alikuwa anamfungia mtoto kamba za viatu. Hakuinua kichwa. Alikuwa amemwambia mumewe jambo moja tu tangu Jumamosi: kusema sitakusemea, na kunyamaza sitanyamaza tena.

Jui-tang alisimama. Mlangoni alikuwepo Mama Yi-an, na baba mmoja mwenye sare ya posta, na nyanya wawili.

"Dereva ni mimi," alisema. "Dada Kuei-fen, usijaze hiyo karatasi. Tulibadilishana viti kabla polisi hajafika. Nilimwambia Pi-lien ni kwa ajili ya bima. Haikuwa bima. Nguzo sikuiona. Upande wa kushoto sioni."

Penseli ikabingirika chini ya dawati. Kuei-fen aliikunja fomu mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni. "Yeni zenu zimekwenda, basi," alisema. "Na kule Okinawa msiwaandikie tena nije niwatafsirie barua, nyamazeni tu, mshukuru mungu wa ardhi kwamba iliyogongwa ni nguzo, siyo mtu." Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya na mikono yake, akampa Jui-tang taulo la zawadi.

Mama Yi-an alikuwa amemvuta mtoto wake hadi kwenye mapaja. "Kila siku," alisema. "Kila siku mwanangu alikuwa ndani ya lile gari. Na mimi nikakushukuru." Hakupaza sauti. Akatoka bila kuaga, na baba wa posta akamfuata. Kabla ya wiki kwisha viti vinne vya tuisheni vilikuwa vitupu, na cha Yi-an kilikuwa kimojawapo.

Usiku wa Jumatatu hiyo Bibi aliweka sufuria mapema, akatoa makongoro, akatoa tambi nyembamba, na bakuli kubwa safari hii aliliweka mbele ya Jui-tang, upande wa kulia. "La kwako," alisema. "Lile la kwanza ulimwibia mkeo. Ndiyo maana halikufanya kazi."

Pi-lien akacheka kabla hajaweza kujizuia. Ndicho kicheko cha kwanza kilichosikika nyumba ile tangu uwanja wa ndege.

*

Siku hizi kigari anaendesha Pi-lien, na ndani yake wanakaa watoto wa mbali tu. Wa karibu wanatembea. Shule za pale, watoto wa tuisheni hutolewa kwa mstari, na mtu wa mbele hushika bendera ndogo ya njano. Bendera ameishika Jui-tang. Siku ya kwanza aliishika chini, karibu na goti, kama mtu aliyebeba mwavuli wa mkewe, na watoto wakamwambia, "Mjomba, juu! Hatuioni!" Akaiinua.

Kushoto kwake anatembea Bibi Chun-mien na kofia yake ya jua. Anatega vitendawili kwa mstari mzima, anadai miji, tayari amepewa Taipei mara kadhaa na anaikataa kwa sababu ya kodi za nyumba. Katikati ya kitendawili husema, bila kubadilisha sauti, "Pikipiki," na Jui-tang husimamisha watoto.

Mama Yi-an bado hajarudi. Ila juzi alikuwa dirishani kwake wakati mstari unapita, akabaki amesimama hadi ulipoisha.

Siku hiyo Pi-lien aliwapita njiani na kigari, akapunguza mwendo, akapiga honi kidogo. Jui-tang akageuka kulia, akatafuta, akapunga bendera hewani kwa mtu asiyekuwepo. Watoto wakaanza kucheka.

Bibi akaushika mkono wa mwanawe pamoja na bendera yake, akaugeuza, akaupunga upande wa kushoto.